Aisilandi au Kilimanjaro? Likizo ya barafu, maporomoko na volkano kwa mtu wa Malindi na Lamu

Kila mwaka kusi likishika kasi na bahari ikachafuka, wapo watu hapa Malindi na kule Lamu wanaoanza kuulizia safari ya baridi. Dubai hawaitaki, Zanzibar wameshaizoea. Wanataka kukanyaga barafu, kusimama chini ya maporomoko makubwa ya maji, kuona ardhi iliyotoka motoni, na kuongozwa na mtu anayeijua njia. Picha zilizowavutia karibu zote ni za Aisilandi. Kisha mmoja barazani huuliza, "Kwani Kilimanjaro ina kasoro gani?" na hapo shauri huwa limeharibika.

Swali lenyewe ni la haki, kwa sababu safari hizi mbili zinaahidi mambo matatu yale yale: barafu, maji na volkano. Zinatofautiana katika namna ya kuyafikia. Aisilandi unashushwa garini karibu kabisa na kila kitu. Kilimanjaro unakifuata kwa miguu, siku baada ya siku. Nimeshawasaidia jamaa na majirani kupanga safari za aina zote mbili, na nimeona kwamba anayechagua kwa kuangalia picha peke yake hurudi na kinyongo hata kama mahali penyewe palikuwa pazuri. Basi nitazipima kwa macho ya mtu anayeishi usawa wa bahari, mwenye mfuko wa kawaida, na ambaye huenda riziki yake inafuata misimu ya watalii.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kijana au mtu mzima mwenye afya njema aanze na Kilimanjaro. Familia yenye wazee, au mtu ambaye magoti yamemchoka, Aisilandi inamfaa zaidi kwa mbali, mradi pesa na viza vipatikane.

Barafu

Aisilandi ni kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 103,000, na takriban sehemu moja katika kumi imefunikwa na barafuto, ile barafu ya miaka mingi inayotambaa polepole kwa uzito wake yenyewe. Barafuto kubwa kuliko zote, Vatnajökull, imetanda juu ya eneo linalozidi kaunti nzima ya Lamu. Ukubwa huo ni vigumu kuushika akilini mpaka uendeshwe kando yake kwa saa kadhaa na bado iwe ipo dirishani.

Jambo linaloipa Aisilandi ushindi kwa mtu wa pwani ni kwamba ndimi za barafu hiyo hushuka mpaka chini, karibu na bahari. Sólheimajökull, upande wa kusini, ni mfano mzuri. Basi linaegeshwa, mnatembea kidogo, kisha mwongozaji anawafunga meno ya chuma chini ya viatu, anawapa kofia ngumu na kishoka cha barafu, na mnapanda juu ya barafu yenyewe. Huhitaji kuwa mpanda milima. Utaona mistari myeusi ndani ya barafu: ni majivu ya milipuko ya zamani yaliyofunikwa na theluji ya miaka iliyofuata. Mbele zaidi, kwenye ziwa la Jökulsárlón, vipande vikubwa vya barafu hukatika na kuelea kuelekea baharini, na maboti hupita katikati yake. Watu wa Lamu waliozoea kupisha maji kujaa na kupwa ndani ya mikondo watapapenda hapo, kwa kuwa ziwa hilo limeungana na bahari na maji ya bahari huingia humo.

Kilimanjaro barafu haikungoji njiani. Iko juu kabisa, na kwa njia za kawaida utakuwa nayo karibu asubuhi moja tu, ile ya kilele, ukishapita Stella Point kwenye mdomo wa kreta, zaidi ya mita 5,700 juu ya bahari. Upande wa kusini kuna mabaki ya barafu za mteremkoni, na ndani ya kreta kuna kipande kinachoitwa Furtwängler. Unapita kando yake, unaitazama, unapiga picha kama vidole vinakubali. Hutembei juu yake.

Kati ya hizo za kusini mojawapo inaitwa Rebmann, na jina hilo lina mzizi huku kwetu. Johannes Rebmann alikuwa mmisionari wa Rabai, nyuma ya Mombasa. Mwezi Mei 1848, akiwa katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima na kuandika kwamba ni theluji. Wataalamu wa London walimkatalia kwa miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani, walisema. Watu wa misafara ya pwani walikuwa wakiuona mlima huo kabla yake.

Theluji hiyo waliyoikatalia sasa inaondoka kweli. Tangu 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na mwaka 2022 UNESCO ilitoa makadirio kwamba barafuto za mwisho za Afrika, zikiwemo za Kilimanjaro na Mlima Kenya, zitakuwa zimetoweka kufikia 2050. Aisilandi nayo inapoteza. Barafuto ya Okjökull ilitangazwa 2014 kwamba si barafuto tena, na 2019 watu walipanda pale kuweka bamba la kumbukumbu. Hata hivyo Vatnajökull itakuwepo bado mtoto wako akiwa na watoto. Kwa barafu ya Kilimanjaro siwezi kusema hivyo, na hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuiweka mbele kwa yeyote mwenye miguu ya kuifikia. Aisilandi inaweza kusubiri mpaka mfuko ujae.

Maji

Hapa sitapoteza maneno mengi: Aisilandi inashinda. Barabara ya kusini peke yake inakupa Seljalandsfoss, ambayo njia yake inapita nyuma ya maji yanayoanguka, na Skógafoss, mita 60 za maji yaliyonyooka kama pazia, yenye ngazi ndefu ubavuni. Gullfoss, kwenye mto Hvítá, huanguka kwa hatua mbili, jumla ya mita 32, na kuingia katika korongo ambalo huoni mwisho wake kwa mvuke. Mwanzoni mwa karne ya 20 palitakiwa kutumiwa kuzalisha umeme, na Sigríður Tómasdóttir, binti wa shamba la jirani, alipinga kwa nguvu zake zote; leo picha yake imechongwa juu ya jiwe karibu na hapo. Kaskazini kuna Dettifoss, yenye upana wa mita 100 hivi, maji ya kijivu yaliyobeba udongo wa barafuto.

Upande wa Kilimanjaro yapo maporomoko mazuri ya kutembelewa kabla au baada ya mlima. Materuni, juu ya Moshi, ni marefu na membamba, na matembezi yake hupita mashambani kwa Wachaga, ambako utakaangiwa na kutwangiwa kahawa ukiwa umekaa. Kinukamori, Marangu, ni madogo na hayana jasho. Ni siku nzuri ya mapumziko. Lakini anayesafiri kwa ajili ya maporomoko hasa asijidanganye, aende kaskazini ya dunia.

Moto chini ya ardhi

Aisilandi imekaa juu ya mpasuko ambapo mabamba mawili ya ardhi yanaachana kwa karibu sentimita 2 kila mwaka. Pale Thingvellir unatembea ndani ya ufa wenyewe, na ndipo pia Waaisilandi walipoanzisha bunge lao, Althing, mwaka 930. Saa moja kutoka hapo, chemchemi ya Strokkur hurusha maji ya moto juu kila baada ya dakika chache, huna haja ya kusubiri sana. Ndani ya kisiwa, Landmannalaugar ina milima ya rangi ya kutu, kijani na njano, na mto wa maji ya uvuguvugu wa kuogea.

Na moto huo haujalala. Rasi ya Reykjanes, uliko uwanja wa ndege wa kimataifa, ilianza kulipuka tena Machi 2021 baada ya mamia ya miaka ya utulivu. Novemba 2023 watu wa mji wa Grindavík walihamishwa, na kuanzia Desemba mwaka huo nyufa zilifunguka mara kwa mara karibu na mji. Kenya tuliwahi kuionja nguvu hiyo: Aprili 2010 majivu ya Eyjafjallajökull yalifunga anga la Ulaya, na maua ya Naivasha yakaozea maghalani kwa kukosa ndege. Mkiwa safarini, kampuni hubadilisha njia ikiwa pana mlipuko. Mtu asinunue safari kwa tamaa ya kuona lava inatiririka, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwahidi.

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira iliyobomoka, Mawenzi yenye miamba ya kutisha, na Kibo, yenye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kibo imelala, ingawa ndani ya kreta bado kuna matundu yanayotoa harufu ya kiberiti. Raha yake ya kivolkano ni ya kutembea juu yake. Unaanza kwenye migomba na kahawa, unaingia msitu wenye ukungu, kisha vichaka, kisha zile senesio kubwa zinazofanana na mimea ya ndotoni, halafu jangwa la mawe na majivu, mwisho barafu. Katika muda usiozidi wiki umepita hali za hewa ambazo ungehitaji kuvuka mabara kuzipata. Aisilandi haina kitu cha namna hiyo. Na ukirudi kupitia Taveta, omba msimame Ziwa Chala: kreta iliyojaa maji ya rangi ya feruzi, nusu Kenya nusu Tanzania.

Mwili wako

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe mara mbili, hasa na vijana wetu wenye nguvu wanaodhani kuogelea na kucheza mpira ufukweni kunatosha.

Sisi tunaishi mita chache juu ya bahari. Kileleni Kilimanjaro kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni uliyozoea. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida, na hayamjali mwenye misuli. Dawa kubwa ni siku. Njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala, huuzwa kwa siku 5 kwa sababu ni rahisi. Mtu wa pwani adai 6, alale kwenye vibanda vya Horombo, katikati ya njia hiyo, usiku wa ziada. Machame ichukue kwa siku 7. Lemosho, kwa siku 8, naiona bora kuliko zote kwetu sisi kama pesa zinaruhusu. Machame na Lemosho zina faida ya kupanda mpaka Lava Tower, kama mita 4,600, kisha kushuka kulala Barranco chini ya mita 4,000, na mwili hujifunza kwa namna hiyo. Usiku wa kilele huanza kambi ya Barafu au kibanda cha Kibo karibu na saa sita za usiku, na baridi hushuka chini ya sifuri kwa digrii 10 au zaidi.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko wengine, na makampuni ya utalii hayaliulizi. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), ni nyingi Kilifi na kote mwambao. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande mlima huu. Hata mwenye chembe za kurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kupata madhara ya wengu katika mwinuko mkubwa. Kipimo chake ni cha damu tu na kinapatikana. Kifanywe kabla ya kulipa amana, si baada. Aisilandi haina mwinuko wa kukutisha, ingawa baridi yenyewe inaweza kuwaamshia maumivu wenye selimundu, kwa hiyo daktari aulizwe huko pia.

Mazoezi? Malindi ni tambarare. Panda ngazi, tembea mchangani ukiwa na begi, na ukipata wikendi nenda Taita upande Vuria, mita 2,208, ambayo iko karibu na njia hiyo hiyo ya kwenda Moshi. Ugumu wa kushuka usisahaulike, magoti huumia zaidi kurudi kuliko kwenda.

Safari ya kawaida ya kuongozwa Aisilandi inadai matembezi ya saa moja mpaka nne kwa siku, mengine kwenye mawe yaliyolegea na upepo mkali. Bibi mwenye miaka 65 anayetembea sokoni kila siku ataweza karibu yote, na penye ugumu atakaa garini bila kukosa mengi. Wapo wanaotaka jasho huko pia. Wao waulize njia ya Laugavegur, kilomita zipatazo 55 kutoka Landmannalaugar hadi Þórsmörk kwa siku 4, yenye kuvuka mito ya maji baridi kwa miguu. Kwa watoto, Kilimanjaro hairuhusu walio chini ya miaka 10 kwenda kileleni.

Misimu yao na misimu yetu

Kiangazi cha Aisilandi ni Juni mpaka mwanzo wa Septemba. Joto la mchana Reykjavik mwezi Julai ni digrii 14 hivi, mvua na upepo vikija vinapotaka. Barabara za ndani ya kisiwa, ambazo hupitwa na magari ya magurudumu manne pekee, hufunguliwa kati ya Juni na mwanzo wa Julai kutegemea theluji. Kilimanjaro hupandwa vizuri Januari na Februari, na tena Juni mpaka Oktoba.

Sasa tazama kalenda ya Malindi. Anayefanya kazi hotelini au kwenye boti za watalii hapati ruhusa Agosti, Waitaliano wanapojaa, wala Desemba. Likizo yake huangukia Aprili, Mei na Juni. Aprili na Mei ni masika, mlima unateleza na kilele kimefunikwa. Hivyo Juni ndio mwezi wake kwa safari zote mbili. Akienda Aisilandi Juni atapata mwanga usiokwisha, ila asilipie safari ya Landmannalaugar mwanzo wa mwezi huo. Pwani ya kusini inatosha. Mwalimu anayebanwa na shule ana Agosti, ambayo ni nzuri kote kuwili, ila kumejaa watu. Wavuvi na mabaharia wa Lamu, ambao kusi huwazuia, wana nafasi pana zaidi. Mwenye hamu ya mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani usiku, ajue kwamba haionekani Juni wala Julai. Usiku hauingii giza.

Karatasi na pesa

Aisilandi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2001. Viza inaombwa mapema mpaka miezi 6 kabla, na isiwe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Utatakiwa taarifa za benki, barua ya kazi au ya biashara, mpango wa malazi, na bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na utafika mwenyewe kutoa alama za vidole. Biashara zetu nyingi hupita mkononi na kwenye simu, kwa hiyo anza kupitisha mapato benki miezi mingi kabla. Usikubali kulipa safari nzima kabla ya viza kutoka. Ndege ya moja kwa moja haipo. Nchi yenyewe ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi Ulaya. Mlo mmoja wa mkahawani unaweza kukushtua. Safari ya kuongozwa ya wiki moja hivi, bila tiketi ya ndege, kwa kawaida huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Kwenda Moshi Mkenya hahitaji viza. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inatosha, pamoja na kadi ya manjano ya chanjo. Kutoka Lamu unavuka kwanza Mokowe, basi mpaka Malindi na Mombasa, kisha Voi, kisha Taveta na kuvuka Holili. Treni inaweza kukufikisha Voi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ya hifadhi iliyo ndogo mno kuliko ya mgeni wa mbali, na wengi hawalijui hilo, wanalipishwa bei ya mzungu kwa kutouliza. Dai hesabu iliyoandikwa, ada ya hifadhi ikiwa peke yake. Tenga pia pesa za bakshishi kwa waongozaji, mpishi na wapagazi. Mlimani ni sehemu ya mapato yao. Aisilandi bakshishi haitarajiwi.

Ukijumlisha yote, gharama ya mtu mmoja Aisilandi aghalabu inatosha watu wawili wa huku kupanda Kilimanjaro, na wakati mwingine zaidi.

Swala, chakula na nguo

Tarehe 21 Juni jua la Reykjavik huzama baada tu ya saa sita za usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa. Nyakati za isha na alfajiri zinakuwa jambo la kuulizia, na maulamaa wana kauli zaidi ya moja. Zungumza na sheikh wako kabla ya kuondoka ili usibaki na wasiwasi safari nzima. Misikiti ipo Reykjavik. Nje ya mji utaswali garini au kandokando ya barabara, ukijumuisha na kufupisha kama msafiri. Mlimani saa za swala ni zetu zile zile, taabu iko kwenye maji ya baridi kali, na miongoni mwa wapagazi wapo Waislamu, kwa hiyo huenda usiswali peke yako.

Chakula Aisilandi kwa mtu asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali ni samaki, na wana samaki wa hali ya juu. Kilimanjaro mpishi hupika uji, supu, wali, ndizi na chai ya tangawizi; mwambie mapema kuhusu nyama.

Nguo zisikutie hofu. Makoti mazito ya mitumba huku pwani hayana mteja, na Kongowea ukichagua kwa subira utatoka na koti zuri kwa bei ndogo. Usinunue pamba ya kuvaa ndani. Ikilowa haikauki na inakugandisha. Tafuta sufu. Moshi hukodisha mifuko ya kulalia, fimbo na makoti. Aisilandi lete mwenyewe koti na suruali zisizopenya maji, kwa kuwa mvua yake hupigwa na upepo kutoka ubavuni na mwavuli hauna kazi.

Hatari, na anayekuongoza

Kilimanjaro sheria inakulazimisha kuwa na mwongozaji mwenye leseni. Kazi hiyo ni ya miaka mingi: Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kama kiongozi aliyefuatana na Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni 1889. Kwetu sisi kuna faida ambayo wageni hawana. Mwongozaji anakuuliza hali yako kwa Kiswahili na unamjibu kwa Kiswahili. Katika mita 4,700, kichwa kikipasuka, kuweza kueleza kwa usahihi kwamba unapepesuka, au kwamba kifua kinabana hata ukiwa umekaa, kunaweza kuokoa maisha. Dalili hizo mbili, na kuchanganyikiwa, maana yake ni kushuka papo hapo, hata kama kilele kiko mbele ya macho.

Aisilandi waongozaji huzungumza Kiingereza, na kwa wale wa Malindi waliokulia na Kiitaliano, makundi ya Kiitaliano yapo pia. Hatari zake hazina sura ya hatari. Mawimbi ya ufuo wa Reynisfjara hupanda ghafla na yameshaua watalii. Mtu wa bahari asijione anajua, maji yale ni baridi na mkondo wake si wa Shela. Agosti 2024 barafu iliporomoka kwenye Breiðamerkurjökull na kuua mtalii mmoja aliyekuwa katika kundi lenye mwongozaji. Kampuni ikikuuzia pango la barafu katikati ya kiangazi, kataa.

Kama bado pesa hazijatosha

Iko njia ya tatu, ndogo, na mimi huwashauri wengi waanze nayo. Kutoka Malindi barabara ya Galana inaingia Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Mto unaoufuata ni huu huu unaomwaga maji mekundu baharini kwetu kwa jina la Sabaki. Juu yake kuna maporomoko ya Lugard, ambapo maji yamechonga mwamba kwa maumbo ya ajabu, na kando yake umetanda uwanda wa Yatta, mmojawapo wa mimiminiko mirefu ya lava duniani, wa urefu wa kilomita 300 hivi. Ukiendelea Tsavo Magharibi utakanyaga lava nyeusi ya Shetani, changa kiasi kwamba miti haijaishika vizuri, na utaona chemchemi za Mzima, ambazo maji yake huchujwa na miamba ya volkano ya Chyulu na mengine hupelekwa Mombasa kwa bomba. Barafu haipo. Lakini kwa siku mbili tatu utajua kama ni volkano unayoipenda au ni picha zake.

Kabla ya kutoa amana

Kwa kampuni ya Kilimanjaro uliza: siku ngapi na kulala wapi kila usiku, ada ya raia wa Afrika Mashariki imeandikwa kiasi gani, mpagazi analipwa nini na anabeba kilo ngapi, maana kikomo ni 20, kuna oksijeni na kipimo cha oksijeni cha kuvaa kidoleni au la, na kama inakaguliwa na Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi unaotetea maslahi ya wapagazi. Bima yako iseme wazi kwamba inafika mita 6,000. Kwa kampuni ya Aisilandi uliza: kundi la watu wangapi, vifaa vya barafu vimo ndani ya bei au la, milo gani inalipiwa, barabara za ndani zikifungwa mtapelekwa wapi badala yake, na amana inarudi kiasi gani viza ikikataliwa. Majibu yaje kwa maandishi. Asiyetaka kuandika, mwache na utafute mwingine.